Shingo ya Mwalimu Eugenia

Bi Shemsa amezikwa Jumanne, baada ya sala ya adhuhuri. Wanaume waliondoka na jeneza, sie wanawake tukabaki nyumbani kwake Mwananyamala, tumekaa kwenye mikeka chini ya turubai, tunasikiliza sifa zake. Walisema alikuwa na mkono mwepesi. Walisema hakuna bibi harusi wa mtaa ule ambaye hakupita kwenye kiti chake. Mama mmoja mtu mzima, ambaye simfahamu, alisema marehemu alikuwa akiwatoa watu vinyama shingoni mpaka ngozi inabaki laini kama ya kichanga, kisha akanigeukia akaniuliza, "Si ndiyo, nesi?" Sijui nani alimwambia mimi ni nani. Mimi si nesi, sijawahi kuwa nesi, nauza vitenge Tandale na watoto wangu wote wanajua hivyo. Lakini niliitikia kwa kichwa, na yule mama akaridhika, akaendelea na habari zake. Nilipofika nyumbani nilikaa kitandani na viatu miguuni, nikagundua kuwa ndicho nilichokifanya mwaka mzima niliokaa na Bi Shemsa: niliitikia kwa kichwa.

Nilikuwa na miaka ishirini na tatu. Nilikuwa nimeacha chuo cha uuguzi mwaka wa pili kwa kukosa ada, nikaja Dar nikidhani nitafanya kazi kidogo kisha nirudi kumalizia. Saluni ya Bi Shemsa ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba ndefu yenye wapangaji wengi, ubavuni mwa duka la kaka yake. Wao walikuwa watu wenye asili ya Uarabuni, wameishi hapo tangu babu zao, na duka lile lilikuwa na harufu ya iliki, mafuta ya taa na sabuni ya mche, harufu iliyopenya ukutani mpaka kwenye nguo zetu. Saluni yenyewe ilikuwa na vioo viwili, viti vitatu na picha za wasichana wenye nywele za mitindo ambayo hatukuweza kuisuka. Nyuma kulikuwa na pazia la kijani, na nyuma ya pazia kitanda chembamba kilichofunikwa nailoni. Nilikwenda pale kuomba kazi ya kusuka. Bi Shemsa aliniuliza nimesoma nini, nikamwambia. Akauliza nilifika mwaka wa ngapi. Wa pili, nikasema. "Panatosha," alisema. Kesho yake alirudi kutoka mitumbani na koti jeupe lenye jina la mtu wa Ulaya limeshonwa kifuani kwa uzi wa buluu. Alikaa mlangoni, akalifumua jina lile kwa wembe, uzi mmoja mmoja, akanivalisha mwenyewe na kunifunga vifungo. Tangu siku hiyo wateja wakaanza kuniita nesi, na nakiri kwamba nililipenda lile koti kuliko nguo yoyote niliyowahi kuvaa.

Kazi yangu ilikuwa nyuma ya pazia, na kazi yenyewe ilikuwa vinyama. Msomaji atakuwa ameviona: vipande vidogo vya nyama laini vinavyoning'inia shingoni, kwapani, chini ya matiti, wakati mwingine kwenye kope, vingine vidogo kama punje ya ufuta, vingine vikubwa kama zabibu. Mtaani waliviita masundosundo, wakavichanganya na chunjua na kila kitu kinachoota juu ya ngozi. Kutoka nyuma ya pazia nilisikia kila nadharia. Kuna waliosema vinaletwa na mikufu ya bei rahisi. Wengine walisema ukijifutia taulo la mwenye navyo, navyo vitakuota. Mmoja alisema ni alama ya mwanamke anayetembea na waume za watu, wakacheka wote, isipokuwa yule aliyekuwa amelala kitandani mbele yangu, ambaye aliufumba mdomo na kuanza kutokwa machozi ya kimya. Mimi nilikuwa nimefundishwa vingine. Chuoni tulikuwa na daktari mmoja mzee wa magonjwa ya ngozi, mtu wa sauti ndogo. Alituambia vinyama hivyo huota pale ngozi inaposuguana na ngozi au kola inapokwaruza, huwapata sana wanene na wajawazito, na kuna familia ambazo kila mtu anavyo. Haviambukizi. Havina madhara, na mtu anaweza kuzeeka navyo asiugue. Akitaka kuvitoa, achomwe sindano ya ganzi, vikatwe kwa mkasi uliochemshwa au vichomwe kwa umeme hospitalini, au vigandishwe kwa baridi kali, vikauke. Kisha alituambia jambo moja akalirudia mara mbili: mkiona vimekuja vingi, na shingo imeingia weusi mzito kama mahameli, acheni shingo, mpimeni sukari.

Bi Shemsa hakuwa na ganzi wala umeme wa aina hiyo. Alikuwa na chupa ndogo ya kahawia isiyo na karatasi. Unachovya kijiti cha meno, unagusa kinyama, kinageuka cheupe, kisha cheusi, na baada ya juma kinadondoka. Ilikuwa inachoma. Wateja walikuwa wakiniuma mkono, na mmoja alinipiga kofi kisha akaniomba radhi. Vile vyenye shina jembamba nilivifunga kwa uzi niliouchemsha, na hivyo havikunipa wasiwasi sana. Nilimuuliza Bi Shemsa chupa ina nini. Alisema ina dawa. Na jambo baya kuliko yote ni kwamba ilifanya kazi. Kwa kila wateja kumi, tisa walirudi wanacheka, wameleta dada zao, na yule wa kumi aliyebakiwa na kovu alijiona mwenyewe ana ngozi mbaya. Mtu akitaka kujidanganya hahitaji zaidi ya hapo.

Siwezi kusema alinitesa. Ingekuwa rahisi zaidi. Mchana tulikula pamoja nyuma ya pazia, sinia moja juu ya kile kile kitanda: wali na mchuzi wa samaki wa nazi kutoka kwa wifi yake, siku za Ijumaa pilau, na siku mambo yakiwa magumu chapati na maharage. Alikuwa akinisogezea mnofu upande wangu bila kusema kitu. Nililala chumba cha pili kutoka kwake, naye nilipopata malaria alinikanda kwa kitambaa cha maji mpaka homa ikashuka. Aliniita mwanangu. Mwezi wangu wa tatu pale alikuja mama mjamzito, mbeba mizigo wa soko la Tandale, ana vinyama sita vimemtoka ghafla. Nikamwambia asubiri ajifungue, huenda vingine vikanywea vyenyewe. Aliondoka amefurahi. Bi Shemsa hakunigombeza. Alisubiri tukae kwenye sinia, akamenya ndizi, akanipa nusu.

"Stazia mwanangu," alisema, "watu hawaji hapa kuambiwa wanaumwa. Hospitali ipo, wanaijua. Hapa wanakuja kuambiwa watapendeza."

Niliitikia kwa kichwa. Nilikuwa nakula ndizi yake.

Mwalimu Eugenia alikuja masika yalipokuwa yanaisha. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mtu wa Bukoba, mnene, mwenye sauti ya darasani ambayo hakuweza kuipunguza hata akinong'ona. Alifundisha darasa la sita katika shule moja huko Tabata. Shingo yake ilizungukwa na vinyama kama mtu aliyevaa shanga, vingine vimeshikana mikunjoni, viwili vimeota kwenye kope la kushoto. Alinieleza bila aibu. Wanafunzi walikuwa wanamwita Mwalimu Zabibu. Siku moja alitoka darasani kwenda chooni, aliporudi akakuta mtu amechora ubaoni kichwa cha mwanamke na nukta nyingi chini ya kidevu. Hakumwadhibu mtoto yeyote. Alifuta ubao, akaendelea na sehemu za desimali, na alipofika nyumbani akajifungia. Sasa binti yake wa pekee, Beata, alikuwa anaolewa, na kwenye sendoff, sherehe ya kumuaga bibi harusi, mama mtu angesimama mbele ya ukumbi mzima amkabidhi mwanawe. Gauni lilikuwa limeshonwa tayari, shingo wazi. "Siku moja tu, binti," aliniambia. "Nataka siku moja watu wanitazame usoni."

Nilipomlaza na kuwasha taa niliona weusi. Ulianzia chini ya masikio ukazunguka mpaka kisogoni, mzito, umekunjamana kidogo, kama mahameli kweli. Nilisimama na kijiti mkononi. Mwalimu aliomba maji, nikampa kikombe, akanywa chote akaomba kingine. Alisema tangu mwaka uanze amekuwa na kiu isiyoisha, na safari za chooni haziishi, ndiyo maana watoto walipata nafasi ya kuchora. Alicheka. Mguu wa kulia ulikuwa na plasta kwenye kidole gumba. Kiatu, alisema, kilimchubua mwezi uliopita na kidonda hakijapona. Sikuwa na haja ya kuwa daktari. Nilikuwa nimeandika dalili hizo zote kwenye daftari langu la chuo, moja chini ya nyingine, nikazipigia mstari kwa kalamu nyekundu. Nikainama nikamwambia kwa sauti ndogo, "Mwalimu, umeshawahi kupima..."

Pazia likafunguka. Bi Shemsa alisimama pale na taulo begani, akauliza kupima nini.

"Kupima nguo," nilisema. "Namuuliza kama ameshaipima nguo ya sendoff."

Mwalimu Eugenia akajibu kwamba ameipima, imemkaa vizuri, akaonyesha kwa kidole shingo ya gauni inaishia wapi. Bi Shemsa akasifu. Mimi nikachovya kijiti. Hakuna mtu aliyenishika mkono, hakuna aliyenitisha. Nimetafuta miaka yote hii mahali pa kumweka mtu mwingine katika dakika ile, na sijapata.

Jumamosi ile nilimtoa vitano vya kwanza, kwa majaribio. Juma lililofuata vitatu vilikuwa vimedondoka na viwili vimeacha vidonda vinavyotoa maji. Nilimwambia Bi Shemsa ngozi ya mwalimu haipendi dawa, tusubiri. Alisema sendoff haisubiri. Alisema mwalimu ameshawaambia walimu wenzake wawili, nao watakuja. Nikapendekeza nifunge kwa uzi vile vyenye shina, viondoke polepole. Alisema nisimfundishe kazi, na hiyo ndiyo mara pekee aliyopandisha sauti. Basi Jumamosi ya mwisho nilimlaza Mwalimu Eugenia, nikampaka shingo nzima, mikunjo yote, kwa wakati mmoja. Vya kwenye kope tu nilikataa, nikasema jicho siligusi, na nikajiona nimefanya jambo la kishujaa. Alikuwa ameng'ata kanga yake. Jasho lilimtiririka kuelekea kisogoni na dawa ikafuata jasho. Nilifuta nilichoweza kufuta. Alipoinuka alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili akanishukuru, na Bi Shemsa akamletea soda ya baridi, mwalimu akainywa yote bila kuitoa mdomoni.

Kwenye sendoff alijifunga kitambaa cha hariri shingoni, joto lote lile, na waliokuwapo wanasema alitabasamu mpaka mwisho na hakucheza. Sisi tulialikwa, Bi Shemsa akaenda peke yake, akarudi na sahani ya keki na habari kwamba mwalimu amependeza. Siku ya nne baada ya hapo, ndoa ikiwa imeshafungwa, mwalimu alianguka jikoni kwake. Hospitali walikuta sukari iko juu mno, na chini ya kile kitambaa shingo ilikuwa imeoza. Vidonda vilikuwa vimeungana, vimeshuka mpaka kwenye bega. Walikata nyama iliyokufa mara ya kwanza, wakakata tena. Haya yote tuliambiwa na mmoja wa wale walimu wawili, aliyekuja kufuta miadi yake. Alisimama mlangoni hakuingia. Bi Shemsa alisema masikini, akasema kisukari kibaya, akanitazama. Mchana huo wali uliletwa kama kawaida. Alikula. Mimi pia nilikula.

Beata alikuja Jumatatu, hana hata wiki mbili za ndoa, mkononi hina bado haijafifia. Hakupiga kelele. Aliuliza ni nani alimtibu mama yake. Bi Shemsa alikuwa anamsuka mtu, hakuiacha nywele aliyoishika. Alisema yeye ni mfanyabiashara tu, mtu wa nywele, hayo ya dawa hayajui, kuna nesi amesomea chuoni. Akanionyesha kwa kidevu. Nilikuwa nimevaa koti. Sijui nilitegemea nini, labda nilitegemea kwamba mtu aliyewahi kunikanda homa angesema "sisi". Beata alinitazama kuanzia miguuni mpaka usoni, akaniuliza jina langu lote, akaliandika nyuma ya kadi ya mchango wa harusi yake mwenyewe.

Tuliitwa ofisi ya serikali ya mtaa, chumba chenye benchi mbili na meza yenye kitambaa cha plastiki cha maua. Mwenyekiti alikuwa mteja wa duka la kaka yake Bi Shemsa, lakini hata kama asingekuwa, sina hakika ingebadilika. Aliuliza nani alishika kijiti. Nikasema mimi. Aliuliza kama nina cheti. Nikasema sina. Bi Shemsa alilia, na kilio chake kilikuwa cha kweli, nadhani, akaapa kwamba alinipokea kama mwanawe na hakujua nafanya nini nyuma ya pazia. Chupa ilitafutwa haikuonekana. Mwenyekiti alisema suala hili linakwenda polisi mgonjwa akipata nafuu ya kusema. Tulirudi nyumbani tunatembea pamoja, hatua kwa hatua, kwa sababu njia ilikuwa moja. Nilipofika chumbani nilikuta begi langu limefungwa, na juu yake doti ya kanga mpya. Bi Shemsa alisimama mlangoni.

"Usinichukie, mwanangu," alisema. "Mie nina wateja. Wewe una umri mbele yako."

Nilizichukua zile kanga. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini nilizichukua. Nadhani nilikuwa bado nataka awe mama mwema.

Nilihamia kwa msichana mmoja niliyemfahamu kanisani, chumba kimoja Tandale, nikawa namsaidia kuuza nguo sokoni. Kila siku nilisubiri polisi. Hospitali nilikwenda mara mbili na chupa ya uji, na mara zote mbili Beata alinikuta kwenye korido akanirudisha bila neno, kwa kunyoosha mkono tu kuelekea lango. Kisha, baada ya miezi miwili na zaidi, nikasikia kwamba Mwalimu Eugenia ametoka na amesema hataki kesi. Nilisikia hivyo nikaketi chini pale pale sokoni katikati ya nguo. Nilidhani nimesamehewa. Nilinunua machungwa, nikavaa gauni langu la kanisani, nikaenda Tabata kumshukuru.

Nyumba yake ilikuwa safi, vitambaa vya kufuma juu ya kila kochi, madaftari ya wanafunzi mezani ingawa alikuwa hajarudi kazini. Alikuwa amepungua nusu. Shingo ilikuwa imefunikwa na kovu moja kubwa linalong'aa, limevuta kidevu upande wa kushoto kiasi kwamba alipotaka kunitazama ilimbidi ageuze mabega na kifua. Vile vinyama viwili vya kwenye kope vilikuwa bado vipo. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba, akanikaribisha kiti. Alimwita binti wa jirani alete chai na mihogo ya kuchemsha. Tulikunywa chai. Kisha akaniuliza, kwa ile sauti yake ya darasani, kama nilijua anaumwa sukari.

Nilikuwa nimejiandaa kwa machozi na kwa matusi. Kwa swali sikuwa nimejiandaa. Nilimwambia nilijua tangu Jumamosi ya kwanza.

Aliweka kikombe juu ya sosa. Alisema alikuwa anafikiri hivyo, ila alitaka kusikia kwangu. Akaeleza kuwa kesi ameiacha kwa sababu amechoka kulala chali na kuelezea watu shingo yake, na polisi wangetaka aieleze upya. Akasema Beata hajaelewa, atakuja kuelewa.

"Bi Shemsa nimemsamehe," alisema. "Yule hajui kitu. Ile dawa angejipaka hata mwenyewe. Lakini wewe ulijua, binti. Wewe sijakusamehe, na sitaki uondoke hapa ukidhani nimekusamehe kwa sababu nimekupa chai."

Nikamwambia nimeelewa. Nilimaliza kikombe, kwa kuwa kukiacha kungekuwa utovu mwingine wa adabu, nikainuka nikaaga. Alinisindikiza mpaka barabarani kama mgeni yeyote anavyosindikizwa, taratibu, ameshika ukuta. Nilipogeuka nyuma alikuwa bado amesimama pale, mwili wake wote ameugeuzia upande wangu, maana shingo peke yake haikuweza tena, na hakuondoka mpaka nilipokata kona.